Modeli ya asilimia 99 na pulsa zilizojirudia: kisa cha mwanafunzi wa mastas

Kabla hatujaingia ndani

Mwenye kisa karidhia kiandikwe, kakisoma na kunirekebisha palipohitaji. Nitamwita M. tu. Chuo sitaji, mwaka sitaji, na namba za mwisho za modeli yake nimeziacha makusudi kwa sababu uwanja wenyewe ni mdogo mno, ukitaja namba umeshamtaja mtu. Namba utakazokutana nazo humu ni za data za wazi ambazo yeyote anaweza kuzipakua, au ni hesabu za mfano na nitasema kabisa kwamba hapa natoa mfano. Mimi mwenyewe niliitwa katikati ya safari, kazi yangu ya kila siku ni data, nyota nazijua kwa kupenda tu.

Usuli

M. alikuwa anasoma mastas ya fizikia kwenye chuo kimoja cha umma huku Afrika Mashariki. Digrii ya kwanza fizikia na hesabu, Python kajifunza mwenyewe usiku usiku bando likiwa la bei ya chini, alafu akabahatika kuingia kwenye mafunzo ya astronomia ya redio. Wanaoshangaa mtu wa huku anaanzaje mambo ya pulsa wajue tu kwamba Kenya ni moja ya nchi nane za Afrika zilizojiunga na Afrika Kusini kwenye mradi wa SKA, ule wa darubini kubwa ya redio, na pale Karoo, Afrika Kusini, sahani 64 za darubini ya MeerKAT zinapiga kazi tayari, baadaye zinaingizwa kwenye SKA-Mid ya sahani 197. Kwa hiyo watu wanaandaliwa, na uzuri wa darubini za redio ni kwamba huhitaji kulala chini yake, data zinakufuata ulipo ilimradi una intaneti na subira.

Wasimamizi alikuwa nao wawili. Wa kwanza ni Prof wa hapohapo chuoni, mzee wa nyota kwelikweli, mambo ya modeli hana habari nayo na hajifanyi kuwa nayo. Wa pili yuko Ulaya, wanaonana kwa video kila wiki umeme ukiruhusu. Vifaa: laptopu ya kawaida, pamoja na Google Colab ile ya bure, kompyuta ya kuazima mtandaoni, ambayo umeme ukikatika katikati ya kazi na wewe umesahau kuhifadhi, unaanza upya.

Mada yenyewe: kufundisha kompyuta ichambue vishukiwa vya pulsa.

Pulsa ni kiini cha nyota iliyokwisha kulipuka, kimejibana kikawa kidogo kama mji lakini na uzito wa kuzidi Jua, kinazunguka na kurusha mwali wa redio, na kila mwali ukitupitia darubini inasikia pigo. Ya kwanza kugunduliwa, 1967, aliiona Jocelyn Bell pale Cambridge na yeye alikuwa mwanafunzi tu wa uzamivu wakati huo, kazi yake kukagua kwa macho karatasi za grafu zilizokuwa zinatoka kwenye mashine kama mita 30 kwa siku. Akaona kijialama kisichofanana na nyota wala na kelele za watu, kinapiga kila sekunde 1.337. Tuzo ya Nobel ya 1974 ikaenda kwa msimamizi wake Antony Hewish pamoja na Martin Ryle, hilo watu wanalijadili mpaka leo na sina haja ya kulifungua hapa.

Leo hakuna macho yanayotosha. Programu ya utafutaji inapita kwenye data na kutema vishukiwa kwa mamilioni, yaani kila kitu kinachoonekana kinapiga kwa mpangilio. Karibu vyote ni uchafu: simu, rada, setilaiti, ndege. Kule Parkes, Australia, waliwahi kusumbuliwa miaka na miale mifupi mifupi isiyoeleweka, 2015 ndo ikabainika ni oveni ya maikrowevu ya hapohapo kituoni, mtu anafungua mlango kabla haijamaliza. Sasa katika lundo hilo kuna pulsa chache za kweli, na M. alitaka modeli ya kuzichomoa.

Mambo yalivyokwenda

Alianza na HTRU2, data maarufu sana kwa wanafunzi, inatokana na upekuzi wa anga uliofanywa na darubini ya Parkes. Ni faili dogo tu la CSV: vishukiwa 17,898, kati yake 1,639 ni pulsa za kweli na 16,259 ni uchafu. Kila kishukiwa kina namba nane, nne zinaeleza umbo la pigo na nne zinaeleza mkunjo wa DM (siyo DM ya Instagram, hii nitaieleza mbele maana ndo moyo wa kisa). Akaweka modeli ya miti mingi ya maamuzi, dakika chache tu, usahihi karibu asilimia 98. Furaha. Kamtumia msimamizi wa Ulaya picha ya skrini.

Jibu lililorudi lilikuwa swali moja: ukiandika programu inayosema "hii siyo pulsa" kwa kila kitu bila kuangalia chochote, inapata ngapi?

Chukua 16,259 gawanya kwa 17,898. Asilimia 90.8. Yaani programu isiyojua kitu, isiyowahi kupata pulsa hata moja, inaondoka na 90.8. M. aliniambia hapo ndo alielewa kwamba ile 98 ilikuwa inamnyanyua kutoka 90 na siyo kutoka sifuri. Wakakubaliana waache habari ya usahihi wa jumla, waangalie vitu viwili: katika pulsa za kweli modeli imepata ngapi (rikoli), na katika ilizosema ni pulsa ngapi ni kweli (prisisheni). Mpaka hapa mambo mazuri, kila mwanafunzi anapita hapa.

Kisha akahamia kwenye data kubwa zaidi za upekuzi uleule, HTRU1: vishukiwa 91,192, pulsa 1,196 tu. Hizi siyo namba nane, kila kishukiwa ni faili zima lenye picha ndani: pigo linavyoonekana kadiri muda unavyokwenda, linavyoonekana kwenye masafa mbalimbali, mkunjo wa DM, na umbo la jumla. Akajenga mtandao wa neva wa picha, CNN. Kwa kuwa pulsa ni chache akatumia SMOTE kutengeneza pulsa bandia za kujazia, akachanganya kila kitu, akakata asilimia 80 za kufundishia na 20 za mtihani. Rikoli ikapanda juu ya 99, na prisisheni karibu hapohapo.

Hapo presha ikaingia. Kulikuwa na kongamano, dedilaini ya ikisiri imekaribia, na nauli ya kwenda ilitegemea ikisiri ikubaliwe. M. akaandika ikisiri yenye ile 99 sentensi ya kwanza kabisa. Msimamizi wa Ulaya akasoma akasema safi. Ikatumwa.

Wiki zilizofuata msimamizi huyohuyo akampa kifurushi cha vishukiwa kutoka darubini nyingine, vimeshakaguliwa na watu kwa macho, amwoneshe modeli inavyofanya kazi nje ya nyumbani kwake. Ikafanya vibaya. Siyo vibaya kidogo. Pulsa zenye pigo pana ilizipita kama hazioni, na uchafu wa aina fulani iliukumbatia kwa uhakika wa juu kabisa, ile ya kukwambia 0.99 hii ni pulsa na ukiangalia kwa macho ni rada.

Maelezo ya kwanza aliyopewa, na ndiyo yanayokuja mdomoni haraka kwa kila mtu, ni kwamba darubini ni tofauti, masafa tofauti, kelele tofauti, kwa hiyo ongeza data za darubini mpya ufundishe upya. Ni kweli kiasi. Lakini M. alikuwa na Prof, na hapa ndo kisa kinapogeuka.

M. alikwenda ofisini kwa Prof kwa shida nyingine kabisa, saini ya fomu ya ada. Shikamoo Prof, marahaba, vipi kazi yako. M. akafungua laptopu akamwonesha orodha ya pulsa ambazo modeli ilizipata kwa alama ya juu. Prof akavaa miwani, akaomba ipangwe kwa kipindi cha mzunguko, ndogo kwenda kubwa. Akashuka nayo kwa kidole taratibu. Mistari mitatu imefuatana, kipindi kinafanana mpaka tarakimu ya tano, DM karibu sawa, mahali angani pamesogea kidogo tu. Chini yake tena, miwili. Mbele kidogo moja yenye kipindi nusu kamili ya nyingine.

"Hizi si ndo hizohizo," akasema Prof. "Umeihesabu mara ngapi hii?"

Kwa Prof hilo lilikuwa jambo la kawaida tu. Kipokezi cha Parkes kilichotumika kwenye upekuzi ule kilikuwa na macho 13 yanayotazama vipande jirani vya anga kwa wakati mmoja, pulsa ikiwa na nguvu inaonekana kwenye jicho lake na kwenye ya pembeni, na darubini ikirudi siku nyingine jirani na hapo inaonekana tena, na programu ya utafutaji nayo inaweza kuikamata kwa nusu au mara mbili ya kipindi chake. Vishukiwa 1,196 vya HTRU1 havitoki kwenye pulsa 1,196. Vinatoka kwenye pulsa mia tano na kitu. Kwa wastani kila pulsa imejitokeza zaidi ya mara mbili.

Sasa piga hesabu. Pulsa ikiwa na vishukiwa viwili na wewe ukakata 80 kwa 20 kwa bahati nasibu, basi kila kishukiwa cha mtihani kina uwezekano wa karibu asilimia 80 kwamba pacha wake yuko upande wa kufundishia. Kikiwa na ndugu watatu wanne, ni karibu hakika. Huo ni mtihani uliovuja, na mtoto kapata 99 kwa sababu maswali kayaona jana usiku. Na SMOTE ilizidisha: kwa kuwa pulsa bandia zilitengenezwa kabla ya kukata, zilizaliwa kwa kuchanganya pulsa jirani jirani, kwa hiyo hata pulsa isiyo na pacha ilikuwa na mtoto wake upande wa pili.

Hapa ndo M. akanipigia. "Kaka, naomba uniangalizie code ya modeli, nahisi nimedanganya watu."

Hakuwa amedanganya mtu, ila ilibidi tufanye haraka.

Maamuzi, na kwa nini

La kwanza lilikuwa ikisiri. Njia zilikuwa kama tatu: kuiacha ilivyo na kuja kusema ukweli kwenye bango la kuonesha kazi kongamanoni, kuifuta kabisa, au kuandika kwa waandaaji kuomba kuibadilisha. Kuiacha kulikuwa na utetezi wake, wengi wanafanya hivyo na ikisiri wakati mwingine haisomwi na mtu, lakini ile 99 ingebaki kwenye kitabu cha kongamano na jina lake. Kuifuta kulimaanisha nauli imekwenda. M. akachagua kuandika, barua fupi, kwamba njia ya kugawa data imegundulika ina kasoro na matokeo yanapimwa upya, akaomba kichwa kibadilike. Walikubali. Msimamizi wa Ulaya hakupendezwa sana mwanzoni, siyo kwa ubaya, aliona tungeweza kusubiri namba mpya kwanza. Mimi nilikuwa upande wa M.

La pili, kugawa upya kwa pulsa na siyo kwa kishukiwa. Kusema ni rahisi. HTRU2 hairuhusu kabisa, lile faili la CSV halina mahali angani wala jina, ni namba nane na 0 au 1 basi, kwa hiyo huwezi kujua nani pacha wa nani. Nadhani hili linapaswa kusemwa kwa sauti zaidi maana kuna kazi nyingi za wanafunzi zinazoishia kwenye HTRU2. HTRU1 afadhali, mafaili yake ni PHCX, ukiyafungua ni XML ya kawaida, ndani kuna mahali angani, kipindi, DM. M. akayasoma yote, akayalinganisha na katalogi ya ATNF ambayo ina pulsa zaidi ya 3,000, akampa kila kishukiwa jina la pulsa yake. Yenye nusu kipindi na mara mbili akayashughulikia kwa mkono, na hapo Prof alikaa naye, mchana mzima, chai na mandazi. Kisha kukata: pulsa yote upande mmoja, na ndugu zake wote.

La tatu, sanduku la mwisho. Sehemu ya pulsa zikatengwa, zikawekwa kwenye folda ambayo nenosiri lake nilikuwa nalo mimi, M. hakuwa nalo mpaka modeli imekamilika. Inaonekana kitoto lakini awali alikuwa anarekebisha modeli, anaangalia alama ya mtihani, anarekebisha tena, anaangalia mtihani uleule, na ukifanya hivyo muda mrefu unakuwa umeufundishia mtihani wenyewe bila kujua.

La nne lilikuwa la M. mwenyewe na kwangu ndo bora kuliko yote: akasema kabla sijafundisha tena nataka kujua hii modeli ya zamani ilikuwa inaangalia nini. Akawa anaifunika vipande. Anaficha umbo la pigo, anapima, anaficha picha ya masafa, anapima, na kuendelea hivyohivyo. Alipoficha mkunjo wa DM modeli ikaanguka chini. Alipoficha vingine vyote akauacha mkunjo wa DM peke yake, haikuanguka sana.

Kuelewa uzito wa hili lazima ujue DM ni nini. Kati yetu na pulsa kuna elektroni huru zimetapakaa, na mawimbi ya masafa ya chini yanacheleweshwa nazo kuliko ya masafa ya juu. DM ndo kipimo cha wingi wa hizo elektroni njiani. Mfano halisi ni pulsa ya Vela: kipindi chake milisekunde 89, DM yake kama 68, na kwenye masafa ya upekuzi wa HTRU, katikati MHz 1352 na upana MHz 340, pigo moja linafika upande wa chini likiwa limechelewa kama milisekunde 80 nyuma ya upande wa juu. Yaani karibu mzunguko mzima. Usiporekebisha huko kuchelewa pigo linatandazika na kupotea kabisa. Kwa hiyo programu inajaribu DM nyingi, na pulsa ya kweli inang'aa kwenye DM yake na kufifia ukiondoka hapo, wakati kelele za hapa duniani hazijapita kwenye elektroni zozote, zinang'aa DM ikiwa sifuri.

Modeli ilikuwa imejifunza hilo tu. Mkunjo una kilele mbali na sifuri, pulsa. Kilele karibu na sifuri, uchafu. Kanuni nzuri, Prof mwenyewe angekufundisha hiyo siku ya kwanza! Lakini kuna pulsa za jirani zenye DM ndogo, hizo zinatupwa. Pigo likiwa pana kilele chake kinakuwa kama kilima kilicholala, nazo zinatupwa. Na kuna kelele za binadamu zinazoteleza kwenye masafa zikaiga kuchelewa, kama zile za maikrowevu, hizo zinapokelewa kwa shangwe. Ukirudi kwenye makosa ya kile kifurushi cha darubini ya pili, ndiyo hayohayo. Kwa hiyo tatizo lilikuwepo tangu nyumbani ila mtihani uliovuja ulilificha, na tungeongeza data tu kama ilivyoshauriwa mwanzo tungelifukia zaidi.

Matokeo

Kwa mgawanyo mpya rikoli ilishuka. Siyo kushuka kwa aibu, lakini ule umbali kati ya 99 na ilipotua ndo umbali ambao kwenye upekuzi wa kweli ni pulsa zinazopotea. Kilichonifurahisha ni kwamba modeli ya miti, ile ya kwanza ya namba nane (M. alizikokotoa upya kutoka HTRU1 ili alinganishe haki bin haki), ilikuwa nyuma ya CNN kidogo tu. Kabla ya hapo CNN ilionekana kuiacha mbali sana. Sehemu kubwa ya ule ushindi ilikuwa ni kukariri.

M. alichelewa semesta moja. Kichwa cha tasnifu kilibadilika, sura kuu ikawa ni namna ya kupima modeli za vishukiwa, CNN ikashuka ikawa sura ya kawaida. Bango lilipokelewa na watu wakasimama wakauliza maswali. Pulsa mpya hakupata hata moja, na wala haikuwa ndo lengo, ingawa najua nyumbani walikuwa wanauliza umegundua nyota gani.

Kwenye kile kifurushi cha pili modeli iliyofundishwa upya ilitumika tofauti: haitoi hukumu, inapanga foleni tu, vya kutazamwa kwanza na vya kutazamwa mwisho. Hii siyo fikra mpya, kundi la PALFA la Arecibo lilishafanya hivyo 2014 na mfumo wao wa picha, wakaupeleka kwenye data za darubini nyingine na pulsa zote zinazojulikana zikaja kwenye takriban asilimia 1 ya juu ya orodha.

Uchambuzi

Nianze na hilo la foleni maana wengi wanalipita. Tuseme, kwa mfano tu, una vishukiwa milioni 1 na ndani kuna pulsa 100. Modeli yako inakamata 95 na inakosea kwenye asilimia 1 tu ya uchafu. Inasikika nzuri eh? Asilimia 1 ya uchafu ni karibu 10,000. Kwa hiyo mkononi una vitu 10,000 na zaidi vinavyoitwa pulsa, za kweli 95. Kwenye HTRU2 pulsa ni asilimia 9 ya faili, na hakuna anga lenye pulsa kwa uwiano huo, kwa hiyo prisisheni yoyote unayopata pale usiibebe kwenda nayo kwenye upekuzi. Foleni inavumilia hili kuliko hukumu, kwa sababu mtu anatazama kuanzia juu mpaka muda wake uishe.

Kilichosaidia zaidi kuliko code yoyote ni ile orodha kupangwa kwa kipindi mbele ya mtu anayezijua pulsa. Hapa lawama naiweka kwenye mpangilio wa usimamizi, siyo kwa M. Vikao vya kila wiki vya video vilikuwa vya namba: alama ilikuwa hii, leo ni hii, endelea. Prof hakualikwa kwenye vikao hivyo kwa sababu "mambo ya modeli hajui", naye kwa heshima hakujipeleka. Lakini kujua kwamba pulsa moja inatokea mara nyingi siyo jambo la modeli, ni jambo la darubini. Mjuzi wa modeli hana namna ya kuliona kwenye namba, na ndiyo maana msimamizi wa Ulaya, aliyeuliza lile swali zuri la 90.8, alilipita hili. Ingekuwa mimi nimealikwa mapema ningelipita vilevile, sikujua habari ya macho 13.

SMOTE kabla ya kukata ni kosa ambalo nimeliona mpaka nimechoka, kwenye data za mikopo, za hospitali, popote, na linatokana na mafunzo ya haraka haraka yanayoanza na "kwanza sawazisha data". Kata kwanza. Alafu upande wa mafunzo peke yake ndo uchezee unavyotaka. Kwa CNN ya M. ilikuja kuonekana hata haikuhitajika, kuongeza tu uzito wa pulsa kwenye hesabu ya kosa kulitosha.

Barua kwa waandaaji naona iliokoa vingi. Ingesubiri namba mpya ingesubiri miezi, maana Colab ilikuwa inakata kila mara na kulinganisha na katalogi peke yake kulikula muda mrefu, na wakati huo kitabu kingekuwa kimeshachapwa. Lakini pia niseme hivi, shinikizo la nauli lilikuwa la kweli na ni rahisi kwa mimi niliye na mshahara kusema M. angevuta subira. Mfumo unaompa mwanafunzi tiketi kwa sababu ya namba iliyo kwenye ikisiri, mwezi wa tatu wa kazi, utavuna ikisiri za namba kubwa.

Folda ya nenosiri nayo ilifanya kazi ila kwa sababu M. aliitaka, hakuna programu ya kumzuia mtu asichungulie data alizopakua mwenyewe. Afadhali zaidi ingekuwa kuitenga siku ya kwanza kabla ya kugusa chochote, wakati ule ilitengwa akiwa ameshaziona pulsa zote mara nyingi, kwa hiyo kwa haki siyo sanduku safi na kwenye tasnifu aliliandika hivyohivyo.

Kuna kipande hatukukimaliza. Pulsa tuliweza kuzipanga kwa jina kwa sababu katalogi ipo. Uchafu je? Vishukiwa 89,996 vya uchafu navyo vina undugu, rada ileile, setilaiti ileile, siku ileile, na vikikatwa kwa bahati nasibu vinavuja kama pulsa zilivyovuja, tena kwa upande ambao ndo unaamua modeli itapiga kelele za bure mara ngapi. Kelele haina katalogi. M. alijaribu kuvigawa kwa siku ya uangalizi, namba zikashuka tena kidogo, akajaribu na kwa kipindi kwa kuwa kelele nyingi za mitambo zinajirudia kwenye vipindi vilevile, zikatofautiana na za kwanza. Ipi ni sahihi hatukukubaliana, Prof anashika siku, msimamizi wa Ulaya anashika kipindi, na kwenye tasnifu zimewekwa zote mbili kwenye jedwali moja bila kuchagua.